Nani Asemaye katika Kikundi cha Shule? Lugha ya ujumbe wa simu baina ya shule, jamaa na mtaa mjini Lubumbashi

Vikundi vya wazazi kwenye WhatsApp vimekuwa jambo la kawaida katika shule za Lubumbashi. Shule za Serikali, za makanisa na za watu binafsi, nyingi zina kikundi chao, na mara kwa mara kila darasa lina chake pia. Humo hutangazwa siku za mitihani, mikutano, michango, misiba ya walimu na sherehe za mwisho wa mwaka. Yasemwa kwamba vikundi hivyo vimeisogeza shule karibu na nyumba. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba neno hilo ni la kweli kwa baadhi ya wazazi tu, na kwamba kinachowatenga wengine si ukosefu wa simu peke yake, bali ni lugha. Shule inayoandika Kifaransa na shule inayosema Kiswahili hazizungumzi na wazazi wale wale, hata ikiwa namba zilizomo katika vikundi vyao ni sawa kwa hesabu.

Hapana budi kuanza na hali ilivyokuwa kabla ya simu, kwa maana bila kuijua hatuwezi kupima kilichobadilika.

Mtoto mjumbe

Kwa muda mrefu mjumbe kati ya shule na jamaa alikuwa mtoto mwenyewe. Mwalimu aliandika maneno machache katika daftari la mawasiliano au katika kipande cha karatasi, akamkabidhi mwanafunzi. Mzazi alitakiwa kutia sahihi na kulirudisha daftari kesho yake. Maneno hayo yaliandikwa kwa Kifaransa. Tufikirie sasa nyumba moja ya Katuba au ya komini ya Kenya, ambamo mama anauza mboga sokoni, alisoma miaka mitatu tu ya shule ya msingi, na lugha yake ya kila siku ni Kiswahili cha mji. Mwanawe wa miaka kumi na miwili anarudi na barua. Nani ataisoma? Mtoto. Barua yasema kwamba amekosa darasa mara nne, au amempiga mwenzake, au alama zake za hesabu zimeshuka. Huyo mtoto ndiye mjumbe, ndiye mkalimani, naye ndiye mshtakiwa. Mahakama isingekubali mshtakiwa awe mkalimani wa kesi yake mwenyewe. Shule zetu zimelikubali jambo hilo kwa vizazi viwili au vitatu bila kushangaa.

Tusidhani kwamba shida yote ni uongo wa watoto. Hata mtoto mkweli hana maneno ya kufasiri alichoandikiwa. Chukua neno «convocation», ambalo shule hulitumia mzazi anapoombwa kufika. Neno hilo hilo huandikwa juu ya karatasi za polisi na za mwendesha mashtaka. Mtoto akilitamka nyumbani, mzazi asikiapo ni wito wa watu wa sheria, naye huenda shuleni akiwa na hofu au haendi kabisa. Mwalimu, kwa upande wake, huandika katika ripoti yake kwamba mzazi huyo hajali masomo ya mwanawe. Kuna pia karatasi ya alama, ile buletini, yenye nafasi mbili zisizo za hesabu wala za sarufi: «conduite» na «application». Ya kwanza ni mwenendo, ya pili ni bidii. Siku hizi, kwa kuwa programu za simu nazo huitwa kwa Kifaransa «applications», si ajabu mzazi akaelezwa na mwanawe kwamba alama mbaya ile ni ya simu. Tunacheka, lakini mzazi huyo amenyimwa habari ambayo labda ingemfaa kuliko zote: kwamba mtoto wake ana akili ila hana bidii.

Kikundi cha WhatsApp kimemwondoa mjumbe, lakini hakikumwondoa mkalimani. Shule nyingi hupiga picha barua ya Kifaransa yenye muhuri na sahihi ya mkurugenzi, kisha huituma kikundini. Mama anayepokea picha hiyo hufanya lile alilolifanya zamani: humpa mtoto simu amsomee. Karatasi imehamia kwenye kioo, na mtoto amebaki pale pale.

Habari zilizokuwa za fedha tu

Yapo mazoea mengine yaliyorithiwa, nayo ni ya namna ya habari zenyewe. Mkataba wa 1977 kati ya Serikali na makanisa uliwarudishia viongozi wa dini usimamizi wa shule zao, huku mishahara ikibaki kuwa deni la Serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Serikali iliposhindwa kuwalipa walimu ipasavyo, wazazi walianza kuchangia malipo yao. Mpango uliodhaniwa kuwa wa muda ulidumu zaidi ya miaka 25. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2006 ilisema kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Agizo hilo lilianza kutekelezwa nchini kote Septemba 2019.

Katika miaka yote hiyo mzazi alizoea kwamba neno litokalo shuleni ni neno la makuta. Mtoto alifukuzwa darasani asubuhi, akarudi nyumbani, na kurudi kwake ndiko kulikuwa ujumbe. Kwa hiyo, mzazi wa shule ya kulipia aonapo simu yake ikilia na jina la shule likitokea, hadhani kwamba anaulizwa maoni yake. Hadhani kwamba ataambiwa mwanawe amesoma vizuri leo. Shule inayotaka kikundi chake kiwe mahali pa mazungumzo inapambana na mazoea ya kizazi kizima, na haitayashinda kwa kubadili chombo peke yake.

Machi 2020, shule zote za nchi zilipofungwa kwa sababu ya korona, chombo hicho kilijaribiwa kwa nguvu. Mwaka mpya wa masomo ulianza Oktoba 2020, shule zikafungwa tena Desemba, zikafunguliwa Februari 2021. Wakati huo walimu wengine walituma mazoezi kwa simu, na wazazi wakajikuta wakitakiwa kuwa walimu nyumbani. Aliyejua Kifaransa alisaidia. Asiyejua alitazama picha za ubao zikipita mbele yake. Sheria namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya elimu ya taifa inazipa lugha za taifa nafasi ya kufundishia na ya kufundishwa, na Katiba yenyewe, katika ibara ya 1, inakitaja Kiswahili pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba miongoni mwa lugha hizo. Ikiwa sheria inakiruhusu Kiswahili mbele ya ubao, hatuoni kwa nini kiogopwe katika barua kwa mzazi.

Sauti na maandishi

Mtu atajibu: basi shule ziandike Kiswahili, na jambo limekwisha. Halikwisha. Wakazi wengi wa mji huu waliojifunza kuandika walijifunza kwa Kifaransa. Kiswahili wanakisema tangu utoto, lakini mkono wao haukuzoea kukiandika, na jicho lao halikuzoea kukisoma. Mmoja huandika «tsh» mahali pa «ch», kama aonavyo katika majina ya watu. Mwingine huunganisha maneno matatu kuwa moja, au huligawa moja kuwa mawili. Kusoma ujumbe wa namna hiyo ni kazi ya midomo kuliko ya macho.

Wanafunzi wa isimu wanaujua mfano mashuhuri wa jambo hili. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville kwa Kiswahili cha watu wa mji, kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani. Johannes Fabian alipoitoa hati hiyo mwaka 1990, alieleza kwamba maneno yake hayakueleweka barabara mpaka yalipotamkwa kwa sauti na mwenyeji wa lugha. Maandishi yalikuwa kama kumbukumbu ya usemi, si badala yake. Jan Blommaert naye, katika kitabu chake cha 2008 juu ya maandishi ya watu wa kawaida wa Kongo, aliyakuta mambo yanayofanana na hayo. Hatusemi kwamba wazazi wetu ni wanahistoria kama Yav. Twasema kwamba uandishi wa Kiswahili katika mji huu haukupata kukita mizizi shuleni, na shule isidai leo kwa mzazi kitu ambacho yenyewe haikumpa.

Hapa ndipo ujumbe wa sauti, ulioingizwa katika WhatsApp mwaka 2013, unapopata uzito ambao huenda watengenezaji wake hawakuufikiria. Mzazi anabonyeza alama ya kipaza sauti, anasema, anaachilia. Hahitaji tahajia. Haonekani kuwa hajasoma. Mama ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiweka kidole chake cha gumba mahali pa sahihi sasa anaweza kumwambia mwalimu, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba mtoto alilala na homa, kwamba baba yake amesafiri kwenda Kolwezi kutafuta kazi, kwamba nyumba nzima inakula mara moja kwa siku. Maneno kama hayo hayakuwa na nafasi katika daftari la mawasiliano, ambalo liliacha mstari mmoja tu kwa ajili ya mzazi, nao ulikuwa wa sahihi. Tena sauti hubeba heshima, hasira, haya na mzaha, mambo ambayo mwalimu mwenye masikio huyatambua mara moja.

Lugha ya kusikilizwa si ngeni katika malezi ya mji huu. Kundi la michezo la Mufwankolo, ambalo michezo yake ilichapishwa na kuchunguzwa na Walter Schicho na Mbayabo Ndala mwaka 1981, liliwafundisha wakazi mambo ya nyumba, ya kazi na ya watoto kwa Kiswahili walichokisema wao wenyewe, na watu walisikiliza.

Sauti ina kasoro zake, na tusizifiche. Haipitiwi kwa jicho: mkurugenzi akisema dakika sita, mzazi atasikiliza moja. Haitafutwi kwa urahisi mwezi mmodja ukipita. Husikika na wote waliomo chumbani. Na kikundi cha wazazi mia mbili wakituma sauti wote usiku mmoja, mwalimu hatalala. Tukumbuke kwamba simu ni yake, mega ni zake, na hakuna anayemlipa kwa saa hizo.

Kiswahili kipi?

Swali hili litawagusa wasomaji wa jarida letu kuliko mengine. Mkurugenzi aliyekubali kutumia Kiswahili huwa mara nyingi anakimbilia Kiswahili cha vitabu, akidhani kwamba heshima ya shule yadai hivyo. Kwetu sisi Kiswahili sanifu ni mali ya thamani, nasi twakifundisha. Lakini tangazo lina kazi moja, nayo ni kueleweka. Tutoe mfano wa siku za juma. Kwa Kiswahili sanifu, «Jumatatu» ni siku inayofuata Jumapili. Watu wengi wa mji wetu huhesabu siku kuanzia ya kwanza ya kazi, hivyo siku ya tatu kwao ni ile ambayo Kiswahili sanifu huiita Jumatano. Mzazi akisikia mkutano ni «Jumatatu», akashika ile «tatu», atafika siku mbili baadaye na kukuta uwanja mtupu. Jumamosi kwa wakazi wa zamani ni siku ya posho, jina lililobaki kutoka enzi za mgao wa chakula wa wafanyakazi wa migodi. Saa nazo zina mtego wake: «saa tatu» kwa anayehesabu kwa Kiswahili ni asubuhi, na kwa aliyezoea saa za Kifaransa yaweza kuwa alasiri.

Kwa sababu hiyo twaona njia iliyo bora ni kuunganisha viwili: sauti fupi, isiyozidi dakika moja, kwa Kiswahili cha mji, kisha mstari mmoja ulioandikwa wenye tarehe kwa tarakimu, saa kwa tarakimu na mahali. Tarakimu husomwa hata na wale ambao barua huwashinda. Tuchukue kielelezo tulichokitunga wenyewe. Barua ya Kifaransa yasema wazazi wanaombwa kuhudhuria mkutano mkuu, na kwamba kuhudhuria ni lazima. Mkurugenzi akiigeuza neno kwa neno kwa Kiswahili sanifu atasema: «Wazazi wapendwa, mnaombwa kuhudhuria mkutano mkuu, mahudhurio ni ya lazima.» Ni sahihi, ila ni baridi kama karatasi ya ofisi. Mtu wa Kamalondo angesema: «Ba papa na ba mama, jambo. Siku ya posho mukuye bote ku masomo, tusolole juu ya batoto.» Hapa kuna tofauti zaidi ya viambishi. Katika sentensi ya kwanza mzazi anahudhuria. Katika ya pili anakuja kuzungumza. Kitenzi «kusolola» kina watu wawili ndani yake. Ukiwaambia wazazi waje kusolola, wakifika utawajibika kuwaacha waseme.

Wanafunzi wanaotaka kulichunguza jambo hili zaidi watapata msingi mzuri katika kazi ya Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa juu ya Kiswahili cha Lubumbashi, iliyotoka mwaka 2014.

Yasiyofaa kusemwa mbele ya wote

Tangu mwaka 2018 msimamizi wa kikundi anaweza kukifunga ili yeye peke yake atume ujumbe. Shule nyingi zimefurahia uwezo huo, na sababu yao yaeleweka: nani anataka kikundi cha darasa kijae sala za kusambazwa, matangazo ya vitenge na ugomvi wa siasa? Lakini kikundi kilichofungwa ni ubao wa matangazo tu, hata kikiitwa mazungumzo. Ingefaa shule iwe na kikundi kilichofungwa kwa matangazo, na kando yake saa mbili kwa juma ambapo cha darasa hufunguliwa na mwalimu yupo.

Kuna jambo baya zaidi, nalo hatuwezi kulipita kwa upole. Katika baadhi ya vikundi hutumwa orodha ya wanafunzi ambao wazazi wao hawajalipa. Jina la mtoto, darasa lake, deni lake, mbele ya watu mia mbili, ambao baadhi yao ni majirani, wengine ni washiriki wa kanisa moja na baba yake. Zamani mtoto aliyefukuzwa aliona haya mbele ya darasa lake. Sasa nyumba nzima inavuliwa nguo mbele ya mtaa, na picha ya orodha hiyo haifutiki katika simu za wengine. Mzazi aliyeaibishwa hivyo hutoka kikundini, na akitoka haambiwi tena tarehe ya mtihani. Kanuni ya mambo ya kidijitali, iliyowekwa kwa Amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu binafsi. Kamati za wazazi zingefanya vema kuisoma pamoja na wakurugenzi. Deni, ugonjwa, mimba, wizi, alama mbaya: hayo ni ya mwalimu na mzazi peke yao, kwa simu au, ikiwezekana, uso kwa uso. Mabinti na akina mama wana hatari yao pia, kwa kuwa katika kikundi cha kawaida kila mmoja huona namba ya mwenzake, na simu za usiku zisizoombwa huanzia hapo.

Wala tusiuchome moto ule utaratibu wa zamani. Kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kwa muda wa siku 20 hivi, na shule iliyokuwa na WhatsApp tu isingekuwa na la kusema. Daftari, tangazo baada ya misa au ibada, na mkuu wa mtaa anayepita nyumba kwa nyumba bado vina kazi.

Simu iko kwa nani?

Katika nyumba nyingi simu yenye WhatsApp ni moja, nayo hutoka na baba alfajiri. Ujumbe wa saa mbili asubuhi humfikia mtu aliye kazini, naye hukumbuka kuutaja usiku, au hakumbuki. Anayefuatilia masomo ya mtoto, anayejua kama amekula na kama amefanya zoezi, ni mama, ni nyanya au ni shangazi anayekaa naye, na huyo hayumo kikundini. Wengine husaidiwa na jirani: sauti ya mkurugenzi huchezwa uani, wanawake wanne wakaisikiliza pamoja huku wakichambua sombe, na mtoto mtajwa akiwa karibu na mlango, safari hii kama msikilizaji tu.

Karatasi ya kuandikisha mwanafunzi ina nafasi ya jina la baba, kazi yake na namba ya simu. Twapendekeza iongezewe maswali matatu: ni nani nyumbani anayefuatilia masomo ya mtoto huyu kila siku, simu anayoitumia ni yake au ya mtu mwingine, na hupatikana saa ngapi, na je, anapenda kuandikiwa au kuambiwa kwa sauti, kwa lugha ipi? Mwandikishaji atayauliza kwa mdomo na kuyaandika mwenyewe, bila kumgeukia mtoto.